Wadogo zangu mnaoingia wodi ya watoto, fungueni hiyo bandeji ya mkono wenye dripu

Najua wiki ya kwanza ya intani mtu anawaza kupata mshipa tu, ukipewa kitoto cha miezi 4 kimenona hadi mikono ina mikunjo, ukapiga ile kanula (kamrija kanakobaki kwenye mshipa) ya njano namba 24 ikaingia mara moja, unatembea wodini kama bosi. Hapo ndo kazi imeanza.

Mimi nilipata somo kwa mtoto wa kama mwaka na nusu. Dripu inashuka vizuri kabisa, mkono tumemfungia kipande cha boksi na bandeji mpaka kwenye vidole asije akaichomoa, usiku kucha analia na sisi tunamwambia mama yake huyu anadeka tu mbembeleze. Asubuhi kufungua, mkono umevimba mpaka kiwiko, umepauka na wa baridi, maji yote yalikuwa yanaishia kwenye nyama. Kwa hiyo dripu kushuka sio ushahidi jamani, hata damu kurudi ukivuta usiiamini sana. Bahati yetu yalikuwa maji ya kawaida, ingekuwa kalsiamu, potasiamu au fenitoini (dawa ya degedege) ngozi ingeweza kutoka malengelenge ikafa kabisa.

Boksi funga, ila vidole na pale sindano ilipoingia paonekane. Kila saa pita uangalie, ushike, ulinganishe na mkono wa pili, haichukui hata dakika. Kabla ya dawa sukuma salaini (maji ya chumvi) kidogo taratibu, mtoto akinyakua mkono au ukihisi inagoma usilazimishe. Na mama akisema mkono wa mwanangu sio wa jana, acha unachofanya nenda kaangalie, yeye ndo amelala nao usiku mzima.

Ukikuta dawa kali imevuja, funga dripu, usikimbilie kuchomoa kanula, kwanza vuta kwa bomba la sindano kile kinachovutika, halafu toa, nyanyua mkono, mwite dokta wa zamu na uandike kwenye faili, usifiche. Mshipa ukiwa mwekundu, mgumu kama kamba, we toa tu utafute mwingine.

Halafu ile glavu tunayomkazia mtoto juu ya mkono ili mshipa utokeze. Mtoto kavaa sweta, mnahangaika watu watatu, kanula ikiingia kila mtu anashangilia na glavu inasahaulika juu huko ndani ya sweta, vidole vinaanza kubadilika rangi. Mimi sikati plasta mpaka hiyo glavu niwe nimeishika mkononi.