Usianze na uso wa sanamu, anza na kitako

Wewe unayeanza kununua na kuuza sanamu ndogo za ufinyanzi, kabla hujavutiwa na uso, igeuze. Nauza vitu vya zamani kwenye masoko ya Jumamosi hapa Ujerumani, na hasara zangu kubwa zote zilitokana na kupenda sura kwanza.

Chukua sanamu za Hummel, wale watoto wenye mashavu mekundu. Zilitoka kiwanda cha familia ya Goebel, kijijini Oeslau karibu na Coburg. Franz Detleff Goebel na mwanawe William walikianzisha mwaka 1871, na mwanzoni walitengeneza vibao vya kuandikia vya shule na gololi; kauri (porseleni) ilikuja baadaye. Mjukuu wa William, Franz, ndiye aliyevutiwa na michoro ya mtawa Maria Innocentia Hummel wa konventi (nyumba ya watawa) ya Siessen. Wakakubaliana, na mwaka 1935 sanamu za kwanza zikaonyeshwa Leipzig. Kila umbo jipya lilihitaji kibali cha konventi. Mtawa mwenyewe alifariki mwaka 1946 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 37, ila michoro yake iliendelea kuzaa sanamu kwa miongo mingi. Hilo hunigusa kila ninaposhika moja.

Sasa kitako. Hapo ndipo kiwanda kiliweka chapa yake. Za mwanzo zina chapa ya taji. Tangu mwaka 1950 utaona nyuki ndani ya herufi V, kwa sababu Hummel kwa Kijerumani ni nyuki mnene mwenye manyoya. Nyuki huyo alianza akiwa mkubwa, akapungua, na kufikia mwaka 1979 akatoweka, hadi aliporudishwa mwaka 2000. Vita vilipoisha, Coburg ilikuwa chini ya Wamarekani, ndiyo maana nyingine zimeandikwa kwamba zimetoka eneo la Marekani. Wanajeshi wao walizipeleka nyumbani kama zawadi, na soko kubwa likawa huko.

Kosa langu lilikuwa hili: niliona mwaka wa zamani umechongwa kitakoni, nikalipa bei ya sanamu ya kabla ya vita. Ule ni mwaka wa kusajiliwa kwa umbo. Sanamu yenyewe ilikuwa na chapa isiyo na taji wala nyuki, yaani ilikuwa changa kuliko nilivyodhani kwa miaka zaidi ya 40. Amini chapa, usiamini mwaka uliochongwa.

Watu huziita kauri, lakini nyingi za Hummel ni udongo laini uliochomwa, si kauri halisi. Kwa hiyo pitisha kidole shingoni, kwenye vidole na kwenye mpini wa mwavuli, sehemu zinazovunjika mapema. Kisha gonga polepole kwa ukucha: iliyogundishwa mara nyingi hutoa mlio mzito, uliokufa. Tundu dogo kitakoni lisikutie shaka. Ni njia ya hewa kutokea wakati wa kuchomwa tanurini.

Kuhusu bei, kuwa mkweli kwa wateja wako. Goebel walisimamisha utengenezaji wa Hummel mwaka 2008, na makabati ya mabibi waliofariki yamezimwaga sokoni kwa wingi. Akija mjukuu na sanduku, akitarajia utajiri, usimdanganye na usimdhulumu. Mimi hupanga zote mezani zikiwa zimepinduliwa, namwita tusome chapa pamoja, na zenye taji naziweka kando mbele ya macho yake.