Ni kisa cha kweli, ingawa si chote
Ndugu, umeuliza kama filamu ya Film Stars Don't Die in Liverpool (2017) ni hadithi ya kutunga. La, inatokana na kumbukumbu alizochapisha mwigizaji Mwingereza Peter Turner mwaka 1986, akisimulia mapenzi yake na Gloria Grahame, mwigizaji wa Marekani aliyetwaa tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1952 na aliyemzidi umri kwa karibu miaka 30. Mwaka 1981, saratani ilipomlemea akiwa Uingereza kwa kazi za jukwaani, aliomba kupelekwa nyumbani kwa wazazi wa Peter mjini Liverpool badala ya hospitalini, na familia ile ya kawaida ikamuuguza kama mtoto wao, mpaka watoto wake walipomrudisha New York, alikofariki Oktoba 5 akiwa na miaka 57. Annette Bening, anayemwigiza Gloria, ameigiza vizuri mno, hasa (kwa maoni yangu) pale Gloria anapokasirika akikumbushwa umri wake. Ndoa zake nne, hasa ya mwisho iliyozua kashfa kubwa Hollywood, zimeguswa juujuu tu.