Dubu mweusi na uyoga wa Oregon, nani mkubwa?

We umeuliza kati ya dubu na uyoga unaoota kwenye miti nani mkubwa, ukadhani jibu ni rahisi eti 😂 haya, sikia. Kule Oregon, Marekani, kuna dubu mweusi, dume lililonona linaweza kupita kilo 200, sawa, ni mnyama haswa. Sasa kwenye msitu wa Malheur hukohuko Oregon kuna kuvu inaitwa Armillaria ostoyae, imetandaa chini ya ardhi kama hekta 965 hivi, yaani viwanja vya mpira zaidi ya elfu moja, na ni kiumbe KIMOJA, wamepima vinasaba wakakuta ni yuleyule kote. Umri wanakadiria miaka 2,400 kwenda juu, dubu akifika 30 porini huyo ni mzee kweli.

Ule uyoga unaouona juu ni kama tunda tu, unatoka msimu wa vuli basi, mwili wenyewe ni nyuzi nyeusi kama kamba za viatu zinatambaa kutoka mzizi hadi mzizi, zinaingia ndani ya gome zinaua mti taratibu. Na hapa ndo patamu, mti ukishaoza unalainika, sisimizi na mabuu wanahamia, dubu anakuja anaupasua kwa kucha anakula. Kwahiyo kuvu ndo mpishi, dubu mteja 😅

Halafu kiukoo kuvu iko karibu na dubu kuliko na huo mti inaoula.