Muulize Mwalimu: Pipa refu, mtoto mfupi

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Gredi ya 8 hapa Lamu mjini. Nimepewa kikosi cha wanafunzi wanne nikiandae kwa mashindano ya kutatua matatizo, yale ya hatua sita, pamoja na mradi wa mtaani. Nikiwaomba mawazo, wote huandika "umma uelimishwe" au "serikali itunge sheria". Mmoja tu ana yake, na yake kila siku ni roboti. Tena alasiri wana madrasa, na wazazi wameanza kunung'unika. Nianzie wapi?

*Mwalimu wa Langoni*

JIBU

Marahaba, mwenzangu. "Umma uelimishwe" nimeisahihisha mpaka wino mwekundu ukaniishia. Usiwalaumu. Tangu wameanza shule, kila swali lina jibu moja, na jibu hilo analo mwalimu. Mtaala wa umilisi ulipoanza kwa majaribio mwaka 2017 ulitaja ubunifu na kutatua matatizo miongoni mwa umilisi wake 7, lakini mtoto hasomi mtaala. Anakusoma wewe usoni, aone lipi litakufurahisha.

Mtindo huo wa hatua sita ulianzishwa mwaka 1974 na Ellis Paul Torrance, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza ubunifu wa watoto. Wanafunzi wanne hupewa hadithi ya wakati ujao na saa mbili. Kwanza wanataja changamoto, hadi 16. Pili wanachagua tatizo la msingi. Tatu wanatoa suluhisho, 16 pia. Nne wanaweka vigezo, tano wanayapima suluhisho kwa vigezo hivyo, na sita wanaandika mpango. Vikosi vingi hukimbilia ya tatu. Wewe kaa nao kwenye ya pili mpaka wakuchoke.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja wanafunzi wangu walipata mapipa matatu ya mafuta, wakayapaka rangi ya kijani, wakaandika TUNZA MAZINGIRA, tukayasimamisha mtaani juu ya mawe ili yasioze kwa chini. Tukapewa cheti. Mwezi haujaisha, taka zimezagaa pande zote za mapipa, na ndani mwake karibu hamna kitu. Punda wakija alfajiri, kwao ilikuwa karamu. Mimi, mwalimu mzima, nikasema tuandike kwa herufi kubwa zaidi. Msichana mmoja akanijibu kwa Kiamu chake: "Mwalimu, punda hawayui kusoma."

Kesho yake niliwapa daftari moja na sharti moja: asilete mtu wazo, walete hesabu. Nani anatupa, saa ngapi, amebeba nini. Walirudi na kurasa nne. Waliokuja kutupa baada ya magharibi wengi wao walikuwa watoto wadogo waliotumwa na mama zao, ndoo mkononi. Kwa yale mawe yetu, mdomo wa pipa ulikuwa ukiwafika puani. Mtoto wa miaka sita ataipinduaje ndoo ya maganda ya ndizi na vichwa vya samaki juu ya kichwa chake? Anamwaga kando, anatoka mbio.

Basi tatizo halikuwa ukosefu wa elimu. Mama alijua taka huenda wapi, na mtoto alijua vilevile. Sisi ndio tuliolipandisha pipa. Na tungelishusha, punda angetia kichwa. Hapo ndipo walipoandika sentensi ambayo mpaka leo naitumia kama kielelezo: "Kwa kuwa wanaotumwa kutupa taka ni watoto wasioufikia mdomo wa pipa, tufanyeje ili wafikie wao na punda wasifikie?" Itazame ilivyo: ina sababu, ina kitendo kimoja tu, na ina mtu unayeweza kumwona. Kikosi chako kikileta "tufanyeje kulinda mazingira", kirudishe nje na daftari.

Suluhisho lilikuwa kibaraza cha ngazi mbili kando ya kila pipa. Mawe tuliyatoa kwenye ukuta ulioanguka, kwa ruhusa ya mwenyewe, na mjomba wa mmoja wao aliyekuwa mwashi akatumia nusu mfuko wa saruji. Vilijengwa vitatu na kimoja kipo hadi leo, ila jioni wazee wanakikalia kwa mazungumzo, na mtoto mwenye ndoo anaona haya kuwaambia wasogee. Wazee hatukuwatia katika hatua ya sita.

Huyo wa roboti usimzime. Waamuzi hutoa alama kwa wazo lisilo la kawaida na kwa mawazo ya aina mbalimbali, kwa hiyo una hazina hapo. Muulize tu: itakula umeme wa nani, na chumvi ya bahari ikishaitia kutu, ataitengeneza nani? Kisha mpeleke nyumba yoyote ya kale yenye birika chooni, umwonyeshe wale samaki wadogo ndani ya maji. Mwulize wamewekwa kwa nini. Akishajua kuwa wanakula viluwiluwi vya mbu, na kwamba hakuna aliyenunua dawa wala betri, mwache aende zake akifikiri. Mtajie pia Flipflopi, jahazi lililoundwa hapahapa Lamu kwa plastiki na kandambili kuukuu, likazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Ufundi ni wa mababu, mbao ndizo mpya.

Kwenye jedwali la vigezo, lile la hatua ya tano, chunga udanganyifu. Watoto hupanga namba ili wazo wanalolipenda lishinde, kisha wanakutazama kama malaika. Waambie kila kigezo wakipime peke yake, vingine vimefunikwa kwa karatasi, na kimoja kiwe hiki: wazo lipi litaendelea shule ikifungwa?

Kuhusu madrasa, usishindane nayo, utashindwa na utastahili. Kutaneni Jumamosi asubuhi. Nenda mwenyewe kwa ustadhi, umweleze mradi, umwombe maoni. Kwetu ustadhi ndiye aliyetuambia kwamba watoto hutumwa na taka kabla ya isha. Sisi tulikuwa tukihesabu saa kumi alasiri na hatuoni mtu.

SWALI

Mwalimu, mwanangu wa Gredi ya 7 alikuwa na mradi wa kuvuna maji ya mvua. Nilimsaidia kuunda kielelezo, kikapendeza kweli. Waamuzi wakamuuliza kwa nini bomba limewekwa pale, akakwama. Nimsaidie kiasi gani mwakani?

*Baba, Malindi*

JIBU

Baba, waamuzi walikuwa wakikuuliza wewe, bahati mbaya hukuwepo mezani.

Mwakani msaidie kwa miguu. Mpeleke kwa fundi bomba, mpeleke kwa jirani mwenye tangi, umngoje nje wakati anauliza maswali yake. Nyundo ishikwe na yeye, hata bomba likienda upande. Na kile kielelezo chenu kizuri usikiweke kabatini. Mpe akifungue kipande kimoja kimoja, akuulize lile bomba uliliweka pale kwa nini.