Maswali ya Wasomaji: Baiskeli Mbili Katika Jua la Kaskazi

SWALI: Mimi na mke wangu tumepata likizo ya wiki moja Februari. Tunataka kutembea kwa baiskeli sisi wawili tu: Mambrui, Gede, Watamu, na tukiweza Marafa. Yangu ina gia, yake haina. Watu wanatuambia jua litatuua. Tufanyeje?
— Msomaji wa Barani, Malindi

JIBU: Nendeni, lakini ratiba yenu ipangwe na jua. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho huchuruzika badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Wala msijidanganye kwamba wazaliwa wa Malindi wamelizoea joto. Kukaa kwenye joto na kufanya kazi ngumu kwenye joto ni mambo mawili. Wiki mbili kabla ya safari, endesheni nusu saa kila jioni, kisha muongeze polepole hadi saa nzima.

Siku ya safari, muwe barabarani mara tu kunapopambazuka, na ikifika saa 4 muwe mmeshafika. Malindi hadi Gede ni takriban kilomita 16, na kutoka hapo hadi Watamu kama 6 hivi. Kwa mwendo wa starehe ni saa mbili. Mchana kaeni kivulini. Magofu ya Gede yamezungukwa na miti mikubwa, ni pahali pazuri pa kupumzikia.

Upepo nao una hesabu yake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki: mkienda Watamu unawasukuma, mkirudi unawapiga usoni, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyozidi. Wengi hufurahia wepesi wa kwenda, wakaondoka Watamu saa 5 wakidhani kurudi ni vivyo hivyo. Kurudi kuanze alfajiri. Mambrui ni kinyume chake: taabu ni ya kwenda, kwa hiyo ni njia nzuri ya siku ya kwanza.

Marafa tungeiacha. Ni bara, upepo wa bahari haufiki vizuri, na baiskeli isiyo na gia itamtesa mkeo kwenye miinuko. Nyari, yaani korongo la Marafa, hupendeza jua likikaribia kutua, na saa hiyo hamtakuwa na mwanga wa kurudia. Kodini gari siku hiyo.

Maji: kila mmoja anahitaji nusu lita hadi robo tatu kwa saa, kwa mafunda madogo madogo. Msinywe maji matupu kwa saa nyingi, kwa sababu jasho huondoka na chumvi. Katika lita moja ya maji safi tieni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, na mkamulie ndimu. Chumvi isizidi kipimo hicho. Mwenye presha, kisukari au maradhi ya figo amuulize daktari kwanza. Dafu ni zuri, ila chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo lishushieni na njugu za chumvi.

Mmoja akiumwa na kichwa, akisikia kichefuchefu au kizunguzungu, safari isimame hapo hapo: kivuli, maji, kupumzika. Akianza kuropokwa au kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari ya kufa. Mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na apelekwe hospitali mara moja. Msimnyweshe kitu ikiwa hana fahamu kamili.

Sasa jambo linaloharibu safari nyingi za mume na mke. Mwenye nguvu hutangulia, akangoja chini ya mwembe, na mwenzake akifika tu anaondoka. Yeye amepumzika mara kumi, mwenzake hata mara moja. Mizigo yote ibebe wewe mwenye gia, na mkeo atangulie, mwendo uwe wake. Upepo ukiwa wa usoni tu ndipo wewe ushike mbele umkinge, naye afuate nyuma yako kwa nafasi ya urefu wa baiskeli moja. Usifunge breki bila kumwambia.

SWALI: Navaa baibui. Si itanaswa kwenye cheni?
— Msomaji wa Shela, Malindi

JIBU: Itanaswa, na gurudumu la nyuma ni hatari zaidi kuliko cheni, kwa sababu upepo hulipeleka pindo kwenye spoki. Tafuta baiskeli yenye fremu ya kike na kifuniko cha cheni, kisha mwambie fundi afunge wavu pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Ndani vaa suruali pana ya pamba, na baibui ifungwe kwa mpira juu ya kifundo cha mguu. Ncha za mtandio zichomekwe ndani.

SWALI: Tukienda Lamu tutapita ufukweni hadi Shela ya huko. Baiskeli itaharibika?
— Msomaji wa Malindi

JIBU: Piteni maji yakipwa, kwenye mchanga mbichi ulioshikana, na mpunguze upepo wa tairi kidogo. Tairi likizama, shukeni msukume. Kukanyaga kwa nguvu hapo ndiko kunakokata cheni kuukuu. Jioni ile ile mwagieni maji baridi yasiyo ya chumvi kwa kopo, si kwa mpira wa kasi, maana kasi huingiza mchanga kwenye beringi. Futeni cheni hadi ikauke, tieni tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, kisha mfute tena ya juu, kwani mafuta yaliyobaki nje hushika mchanga na kusaga meno yanayoshika cheni. Kabla ya kuondoka nyumbani, chomoeni nguzo ya kiti na muipake grisi. Chumvi ikishaigandisha ndani ya fremu, hata fundi hodari huishia kuikata kwa msumeno.