Tundu moja halipimi ziwa zima

SWALI: Mtaalamu, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, sasa naishi Minnesota. Trauti wa Mto Gura nawafahamu tangu utotoni, ila uvuvi wa juu ya barafu ndio kwanza naanza. Wiki hii, katikati ya Desemba, nimetoboa tundu hatua chache kutoka ukingoni na barafu ikawa inchi 5. Nilipata samaki wawili wadogo aina ya blugili, kisha nikichungulia tunduni naona wengine wananusa chambo na kuondoka. Nimeambiwa samaki wengine, krapi, wako katikati, kama mita 300, na kuna nyayo na alama za pikipiki ya theluji kuelekea huko. Video moja inasema baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku tatu mfululizo, ziwa lote ni salama. Jumamosi nataka kwenda na wanangu wawili. Natumia mshipi wa ratili 8, uleule wa trauti. Nibadilishe chambo gani?

JIBU: Chambo hakina kosa, ndugu yangu. Kosa ni mshipi. Mshipi wa ratili 8 hukakamaa kwenye baridi na kubaki na mikunjo ya rili, na kijigi kidogo, yaani ndoana yenye kichwa cha metali, hakina uzito wa kuunyoosha. Blugili hanyakui chambo akakimbia nacho. Anakifyonza pamoja na maji, na akihisi ukinzani anakitema. Mshipi ukiwa na mikunjo, ameshatema kabla hujaona kitu. Tia mshipi wa ratili 2 au 3, na kijigi cha tangsteni cha milimita 3 hadi 4, maana tangsteni ni nzito kuliko risasi, kwa hiyo huzama vizuri hata kikiwa kidogo. Kwenye ncha ya ufito funga springi laini ya kuonyesha mguso. Springi ikiinuka badala ya kuinama, vuta, kwani samaki amekibeba chambo kwenda juu. Mtundike funza mmoja wa nondo wa nta, yuleyule anayewaharibia wafuga nyuki masega kule kwetu. Hizo chupa za mafuta ya harufu zinazouzwa kwa ahadi kubwa ziache dukani.

Krapi ni habari nyingine. Huning'inia katikati ya maji na hutazama juu, kwa hiyo chambo kikae nusu mita juu yake. Kikipita chini yake, mara nyingi hashuki kukifuata. Mtafute jua linapozama. Na ukihamia kwenye trauti, usiende kilindini kwa mazoea ya kudhani samaki wa baridi hukaa chini kabisa. Trauti wa upinde wa mvua waliopandikizwa ziwani hupita alfajiri kwenye maji ya mita 1 hadi 3, karibu na ukingo, mara nyingine chini kidogo tu ya barafu. Tundu la inchi 8 litakufaa, na makelele ya buti hayafai. Minnesota, katika maziwa yaliyotengwa kwa trauti, unaruhusiwa ufito mmoja tu na vidagaa hai ni marufuku. Pata kijitabu cha kanuni cha Idara ya Maliasili ya jimbo kabla hujafunga ndoana.

Sasa hiyo Jumamosi. Kila Desemba maswali ya chambo huja yakiwa yamebeba ndani yake hilo ulilolitaja kwa kupita tu: tundu moja ukingoni, nyayo za watu, na video. Hakuna kati ya hivyo vitatu kinachopima barafu utakayoikanyaga mita 300 mbele.

Tuanze na tundu lako. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi. Kabla uso wa ziwa haujaganda, maji yote yaliyo chini yake hupoa kwanza hadi kufika hapo, na ndipo ya juu huendelea kupoa hadi sifuri. Pale ukingoni penye kina kifupi, kazi hiyo huisha upesi. Katikati penye kina huchukua siku nyingi zaidi, pengine wiki, na upepo huko huzidi kuyakoroga maji yasitulie. Kwa hiyo mwezi huu, inchi 5 ukingoni zaweza kabisa kuwa inchi 2 na nusu katikati. Usiseme basi ni nusu tu. Nguvu ya barafu kubeba mzigo hufuata mraba wa unene: nusu ya unene ni robo ya nguvu.

Nyayo nazo hazisemi zilipigwa lini wala aliyepita alikuwa na uzito gani. Alama za pikipiki ya theluji ndizo zinazopoteza watu wengi. Mashine ile hueneza uzito wake juu ya mkanda mpana na hupita kasi. Huko Grantsburg, Wisconsin, kila Julai watu hushindana kuziendesha juu ya maji matupu, bila barafu hata kidogo! Sasa alama zake zitakuhakikishia nini wewe utakayesimama mahali pamoja kwa saa tatu, na watoto na sleji na ndoo? Mzigo uliotulia huikandamiza barafu polepole. Ukiona maji yanapanda tunduni na kutanda mguuni, barafu imeanza kuinama. Tawanyikeni.

Ama video ya siku tatu za baridi, ningetamani aliyeitengeneza atangulie yeye. Kipimajoto hupima hewa. Theluji iliyolala juu ya barafu ni blanketi: baridi ya nyuzi 20 huishia juu yake, na chini barafu inanenepa kwa shida. Theluji ikiwa nzito huididimiza barafu, maji hupenya kwenye nyufa, yanachanganyika na theluji na kuganda kuwa barafu nyeupe iliyojaa viputo. Hiyo ihesabu nusu. Ukipata inchi 2 nyeupe juu ya inchi 3 angavu, mkononi una inchi 4, si 5. Na kukiwa na tabaka la maji katikati, hesabu la juu pekee.

Njia ya kupima ni ya kuchosha, na haina mkato. Chukua mtaimbo wenye ncha ya patasi, upige mbele yako kwa nguvu kila hatua mbili tatu. Ukitoboa kwa pigo moja au mawili, geuka urudi kwa nyayo zako. Toboa kwa keekee kila mita 45, upime kwa rula yenye kikulabu kinachoshika upande wa chini wa barafu. Inchi 4 za barafu angavu mpya ndicho kiwango cha chini kwa mtu anayetembea. Epuka vijito vinapoingia, chini ya madaraja, kwenye matete, na popote bata bukini wamelala, kwani huweka maji wazi kwa siku nyingi. Watoto hawaendi siku ya kupima.

Vaa jaketi la kuokoa maisha, na misumari miwili ya kujivutia ining'inie shingoni nje ya koti, si ndani ya begi. Ukitumbukia, dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi. Kisha una kama dakika 10 mikono ikikutii. Geukia ulikotoka, kwa sababu barafu ile ilikubeba, piga miguu, jivute kwa misumari, halafu bingirika. Usisimame.

Hema likishafungwa, joto liwe la hita iliyotengenezewa mahema, na matundu ya hewa yawe wazi juu na chini. Wako wanaobeba jiko la mkaa kutoka nyumbani. Gesi yake haina harufu, na inaua juu ya ziwa kama inavyoua chumbani.

Wanaojiona wazoefu hupotelea Machi. Wakati huo tundu laweza kuonyesha inchi 12 na mtu akacheka akiambiwa arudi. Jua limeshapenya kwenye mipaka ya fuwele, na barafu imegeuka vijiti vilivyosimama wima, vinavyoachana kwa uzito wa mguu mmoja. Asubuhi hukubeba kwa sababu usiku imeganda upya, saa nane mchana haikubebi tena. Rula haitakuonyesha hilo. Piga mtaimbo: vipande vikitoka virefu kama penseli, kusanya vifaa uondoke, hata kama krapi ndio wameanza kula.