Fundi wa Boti Anajibu: Boti ilimrudia mdogo wangu majini

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Kilindoni, Mafia, nina boti ya faiba na mashine ya mkono HP 15 (ya kuongozea kwa mkono, haina usukani), ile ya kuchanganya oili. Mwezi uliopita mdogo wangu ndo alikuwa ameshika mashine, wimbi likapiga ubavuni akadondoka, boti ikaanza kuzunguka yenyewe inamrudia, mimi niko omo huku mbele hata kusimama siwezi. Nikatambaa mpaka tezi kule nyuma nikavuta choki ikazima. Mzee mmoja hapa anasema ni upepo tu ulioizungusha, kweli? Halafu asubuhi nikiwasha saa nyingine inaruka mbele yenyewe, na gia ikiingia inalia kraaa. Nibadilishe mashine?

JIBU: Marahaba, na poleni sana, mdogo wako ana bahati aisee. Upepo hauhusiki hapo. Propela ikizunguka inaisukuma mashine upande mmoja, ukiwa umeshika mkono wa mashine huoni kwa sababu unaizuia bila kujua, ukiachia tu inajikunja yenyewe na boti inapiga duara fupi, kwa hiyo inarudi palepale mtu alipoangukia na propela ikiwa inakata maji. Kuvuta choki ulifanya akili sana, lakini je ungekuwa peke yako humo ndani?

Sasa nikuulize, ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, iliyojisokota kama waya wa simu za zamani, yenye kiklipu kinachokaa kwenye swichi, iko wapi? Barua nzima hujaitaja. Nahisi ilishakatwa zamani, kiklipu kimebaki kwenye swichi au wamefunga mpira wa tyubu, maana nimeona boti nyingi sana ziko hivyo, watu wanasema inasumbua wakivuta nyavu. Nunua nyingine, anayeshika mashine aifunge kwenye kifundo cha mkono au paja, au kwenye jaketi la kuokolea, ila siyo kwenye shati lililochoka maana litachanika yeye aende zake na mashine iendelee na safari. Na kiklipu cha akiba kiwe ndani ya boti, sababu aliyedondoka ameondoka na cha kwanza, waliobaki watawashaje wamfuate?

Kuivaa tu haitoshi bwana. Wengi wanadhani klipu ikitoka inakata umeme kama swichi ya taa ya nyumbani. Mashine nyingi za mkono ni kinyume kabisa, klipu ikitoka swichi inaunganisha umeme wa kuwashia na chuma cha mashine, unamwagika huko badala ya kwenda kwenye plagi. Maana yake waya wa swichi ukikatika, au ukiliwa na chumvi pale kwenye kiungo, unavuta kamba na mashine inaunguruma vilevile! Kwa hiyo kila asubuhi boti ikiwa bado imefungwa, washa, vuta kamba nyekundu, izime hapohapo. Kisha bila kurudisha klipu piga tena, isiwake. Ikiwaka, leo usitoke.

Kuruka mbele ni kwamba unawasha ikiwa kwenye gia, na mashine inakubali wakati ilitakiwa igome. Ndani kuna waya mwembamba unaofunga kamba ya kuwashia mpaka gia iwe frii, wako utakuwa umekatika au umelegea, au kuna fundi aliutoa. Kupima: zima, toa klipu, tia gia ya mbele, mwenzako azungushe propela kidogo kwa mkono ili meno ya gia yashikane, AKAE PEMBENI, ndo uvute kamba ya kuwashia. Isivutike. Ikivutika mpelekee fundi. Na wale wa kufungua kifuniko na kuzungushia kamba juu ya gurudumu mashine ikigoma, mjue hapo hiyo kinga haifanyi kazi kabisa, angalieni gia kwa macho kwanza.

Kraaa ni wewe mwenyewe, samahani lakini. Watu wanatia gia polepole wakidhani wanaionea huruma, kumbe meno yanasagana badala ya kuumana. Shusha mafuta mpaka mwisho, subiri mngurumo utulie, tia kwa mkato mmoja. Kutoka mbele kwenda nyuma pitia frii, boti ipunguze mwendo kwanza. Kama mngurumo wa chini, ule wa mafuta yakiwa yameshushwa mpaka mwisho, uko juu sana fundi aushushe. Meno yakishaisha utajua, gia itakuwa inachomoka ukiongeza mafuta. Mashine usibadilishe bado.

SWALI: Mimi niko Lamu, boti yangu ni ya usukani, liva ya gia na mafuta inakuwa ngumu sana asubuhi halafu mchana inalegea. Nimemwagia oili haisaidii.

JIBU: Chumvi imeingia ndani ya kebo, oili ya nje haifiki huko. Badilisha kebo, usisubiri ikwame mafuta yakiwa yamefunguka unaingia gatini kwa watu. Ikishakwama hivyo usipigane na liva, vuta kamba nyekundu. Na kile kitufe cha chini ya kichwa cha liva unachobana ndo itoke frii, kama mmekifunga na waya kifungueni, mtoto akiegemea tu boti inaondoka.

Halafu mkipakia abiria kutoka majini zima kabisa, usiweke frii, maana hata frii propela inaweza kuwa inazunguka taratibu.